Aliyemaliza Dozi Arudi Duarani?

MWENYE DUARA: Mimi simkatai mtu, nisieleweke vibaya. Nimesema akalime msimu mmoja, kifua kitulie, halafu tuzungumze. Shimo la duara langu limeshafika futi 90. Chini kule hewa tunaipeleka kwa bomba, na siku jenereta likizima mnabaki na pumzi mliyoshuka nayo. Mtu akianguka huko, wa kumpandisha ni mimi, na wa kwenda kusimama mbele ya ndugu zake ni mimi.

MCHIMBAJI: Akalime! Bosi, ekari tatu za pamba umewahi kuzipalilia wewe? Kupiga dawa na bomba la lita 16 mgongoni, mstari hadi mstari, hiyo ndiyo kazi ya kutuliza kifua? Nimemeza vidonge miezi sita, sikuruka siku. Kadi yangu hii hapa. Soma chini: "Amepona." Sikuandika mimi.

MWENYE DUARA: Na aliyeandika hajawahi kushuka duarani.

MRATIBU WA KIFUA KIKUU: Aliyeandika ni mimi, na kweli sijashuka. Lakini ngoja niseme nilichoandika kina maana gani, kwa sababu naona kila mmoja analisoma neno hilo upande unaomfaa. Mgonjwa akifika mwisho wa dawa, rejista yetu ina matokeo kadhaa ya kumwandikia: amepona, amemaliza matibabu, matibabu yameshindikana, amefariki, amepotea. "Amepona" ni yule ambaye mwanzoni tuliona vimelea kwenye makohozi yake, na mwishoni tukapima tena tukavikosa. "Amemaliza matibabu" amemeza dawa zote ila kipimo cha mwisho hatuna. Basi. Hakuna mahali kwenye kadi panapouliza pumzi imebaki kiasi gani. Neno lile linatoa habari za vimelea. Habari za kifua halizijui.

MCHIMBAJI: Siku ile hukuniambia hivyo, daktari. Ulinipa mkono ukasema, "Sasa wewe ni mtu kama watu wengine."

MRATIBU: Nilisema kwa makusudi, na kesho nitamwambia mwingine vilevile. Nimekuta wagonjwa waliohamishiwa kwenye kibanda cha mbuzi. Nimekuta mama ana kikombe chake kimetobolewa mpini ili mtoto asije akakosea. Kwa miaka yote hiyo mahubiri yetu yamekuwa mafupi: kifua kikuu kinatibika, dawa ni bure, anayemaliza anapona. Mahubiri mafupi ndiyo yanayofika kijijini. Leo niongeze "lakini"? "Amepona, lakini mapafu yake yana kovu"? Hiyo "lakini" nikiitamka hapa mnadani Jumamosi, Jumatatu mwenye duara anaitumia kumfukuzia mtu kazi.

MWENYE DUARA: Mimi nimeshaitumia bila kusubiri uitamke. Nina macho. Alipokuja kunisalimia alipanda kale kakilima ka pale kwenye karasha la kusaga mawe, akasimama mara mbili. Mtu wa miaka 34.

MCHIMBAJI: Nilisimama kuongea na watu.

MKE WA MCHIMBAJI: Ulisimama kuhema, baba watoto. Tusidanganyane mbele ya wazee.

MCHIMBAJI: Haya. Wewe nawe uko upande wao.

MKE: Sina upande. Nyinyi wanaume mnamsukuma mtu huyu kama gunia. Shemeji anasema akalime, daktari anasema amepona, yeye anasema anashuka. Mimi ndiye ninayelala naye, najua anavyoamka saa tisa usiku akakaa kitandani miguu chini, anatafuta pumzi. Na nikimwambia twende zahanati anakataa. Muulizeni kwa nini anakataa.

MCHIMBAJI: Kwa sababu nikienda na kikohozi wataniambia TB imerudi. Nianze upya. Miezi sita mingine ya mkojo mwekundu. Kuna jamaa namfahamu, ameanzishiwa dozi mara tatu, na kila mara makohozi hayaonyeshi kitu.

MRATIBU: Hapo umegusa kidonda cha ofisi yangu. Eksirei ya mtu aliyepona inaweza kubaki na madoa na matundu maisha yake yote. Akipigiwa picha mahali wasipomjua, mtaalamu anaona madoa, anasikia kikohozi, anaandika kifua kikuu. Hata GeneXpert, mashine tunayoitegemea sana, inatafuta vinasaba vya kimelea, haijui kama mwenye vinasaba hivyo yu hai au amekufa. Aliyemaliza dawa karibuni anaweza kutoa jibu la "vipo" kwa mabaki ya maiti. Kwa hiyo kwa mtu wa namna hii tunatakiwa tupeleke makohozi yakaoteshwe maabara, tusubiri wiki kadhaa. Nani ana subira hiyo, sisi au mgonjwa? Rahisi ni kumpa dawa.

MCHIMBAJI: Unaona? Nikisema sina pumzi, hospitali wananirudishia ugonjwa. Nikisema ninayo, natukanwa kwamba nadanganya.

MZEE: Wanangu, nisikilizeni na mimi kidogo, maana hapa wote mnaongea habari ya dawa za juzi. Mimi nililazwa mwaka 1978. Nilikuwa na umri kama wa huyu. Sindano ya streptomaisini kila siku miezi miwili, makalio yote mawili yakawa magumu kama nyayo za mtu anayechunga, kisha vidonge mpaka mwaka ukatimia. Sikio hili la kushoto lilibaki hukohuko. Lakini nilipotoka sikukaa. Nilirudi kiwandani kuchambua pamba.

MRATIBU: 1978, mzee, Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulikuwa na mwaka mmoja tu. Ulianza 1977.

MZEE: Sikuujua mpango. Nilijua sindano. Nakwambia, nilirudi kiwandani na nikafanya kazi miaka 11. Wenzangu wawili tuliotoka nao wodini walikwenda kukaa kwao chini ya mwembe, wanaletewa uji, "mgonjwa, mgonjwa", mwaka wa tatu tukawazika wote wawili. Kukaa ndiko kulikowaua.

MKE: Baba, samahani. Huko kiwandani kulikuwaje?

MZEE: Vumbi, mayu. Vumbi la pamba unaliona linaelea kama ukungu. Na kulikuwa na kitu cha ajabu. Jumapili tunapumzika, Jumatatu ukiingia tu kifua kinabana kama umefungwa kamba. Jumanne afadhali, Jumatano umesahau. Tulikuwa tunasema ni uvivu wa Jumatatu. Mimi kila Jumatatu nilijua TB imerudi, nikawa namuaga mke wangu.

MRATIBU: Huo ni ugonjwa wenye jina lake, mzee. Vumbi la pamba lenyewe ndilo linalobana mirija ya hewa, na kubana siku ya kwanza baada ya mapumziko ni dalili yake inayojulikana dunia nzima penye viwanda vya pamba. Haukuwa uvivu, wala haikuwa TB.

MZEE: Sasa unaniambia mwaka huu?

MWANDISHI: (Hapa watu walicheka, na mzee hakucheka. Niliandika pembeni ya daftari: miaka 11 ya kuaga.)

MWENYE DUARA: Mzee, miaka 11 halafu ikawaje?

MZEE: Halafu nikashindwa kupanda ngazi na mzigo. Wakaniweka kwenye mizani. Mizani nilikaa mpaka kiwanda kilipofungwa.

MWENYE DUARA: Ndicho ninachosema mimi! Hata mzee mwenyewe aliwekwa kwenye mizani.

MZEE: Baada ya miaka 11. Wewe unataka umweke kabla hajaanza.

MCHIMBAJI: Bosi, Mandela aliugua TB gerezani mwaka 1988, akiwa na miaka 70. Mwaka 1994 akawa rais wa Afrika Kusini. Hakuna aliyemwambia akapumzike msimu mmoja.

MWENYE DUARA: Urais haupigwi kwa nyundo na moko.

MRATIBU: Na mwaka 2013, mwaka aliofariki, alilazwa mara kadhaa kwa ajili ya mapafu hayohayo. Mimi mfano wangu ni mwingine. Yuko Mchekia mmoja, Karel Styblo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wajerumani walimfunga kambi ya Mauthausen, akatoka huko na kifua kikuu. Alipona, akasomea udaktari, akaja kufanya kazi hapahapa Tanzania kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, pamoja na watu wa ule Mpango niliowatajia. Namna ya kumfuata mgonjwa mmoja mmoja, kumwandika kwenye rejista, kuhakikisha anameza dawa, kuhesabu kila robo mwaka wangapi wamepona na wangapi wamepotea, ilijaribiwa katika wilaya za huku Tanzania kabla Shirika la Afya Duniani halijaipeleka duniani kote miaka ya 1990 kwa jina la DOTS. Ni kazi ya mtu aliyewahi kuugua.

MKE: Na rejista yake ina ukurasa wa baada ya kupona?

MRATIBU: Hapana.

MKE: Na yeye alikuwa amepona.

MRATIBU: Ndiyo, mama. Rejista inahesabu vizuri sana mpaka siku ya kidonge cha mwisho. Siku inayofuata safu zimekwisha. Mimi mwenyewe nikiulizwa na mkoa, wangapi uliowaponya mwaka juzi wamerudi kazini, sina pa kuangalia. Wala sijawahi kuulizwa. Wenzetu wa Blantyre, Malawi, waliwafuatilia watu wazima 405 waliokuwa wamemaliza dawa. Siku ya kumaliza, karibu theluthi moja pumzi yao ilikuwa chini ya inavyotakiwa. Mwaka ulipokwisha, bado zaidi ya robo. Sasa hao ni watu wa mjini Malawi, wengi wao hawajawahi kula vumbi la mwamba. Hapa Bariadi, kwa wachimbaji, sitaki hata kukisia.

MWENYE DUARA: Kwa hiyo msimu mmoja niliousema sikuutoa hewani. Baadhi wanapata nafuu.

MRATIBU: Wanapata, na nakupa haki yako hapo. Lakini waliopata nafuu ni watu waliokuwa wakitembea, wanakula, wana shughuli. Hospitali ya Mulago, Kampala, waliwahi kuwachukua watu wa namna hii wakawafanyisha mazoezi wiki sita, mara mbili kwa wiki, kutembea, kunyanyua, kupanda. Mwishoni wakawa wanakwenda umbali mrefu kuliko walivyoanza. Kwa hiyo mzee naye hakukosea, mwembe unaua. Tatizo ni kwamba huku mnapewa machaguo mawili: mwembe au futi 90.

MKE: Daktari anasema "wanakula". Nani aliyekuwa anakula kwangu? Miezi miwili ya kwanza hakuweza kunyanyua ndoo. Niliuza mbuzi wanne, nikauza baiskeli, na palizi ya pili ya pamba ilinishinda, nikavuna magunia ambayo nikisema idadi mtanicheka. Dawa ni bure, nakubali, sikutoa hata senti. Nauli si bure. Maziwa si bure. Kibarua wa kupalilia si bure.

MRATIBU: Uko sahihi. Utafiti wa gharama uliofanyika nchini uliwahi kuonyesha kwamba karibu nusu ya kaya zenye mgonjwa wa kifua kikuu zinapoteza zaidi ya moja ya tano ya pato lao la mwaka.

MKE: Moja ya tano ni ya wenye bahati.

MZEE: Zamani huku kwetu mtu akiugua rika lilikwenda kumlimia. Nsumba ntale, kiongozi wa vijana, anaitisha wenzake, ngoma inapigwa, shamba la mgonjwa linakwisha kabla jua halijawa kali.

MKE: Baba, ngoma hiyo sikuisikia. Niliowasikia ni vibarua, na walitaka pesa mkononi kabla ya kushika jembe. Ndiyo maana nikisikia "akalime msimu mmoja" nacheka. Akienda kulima, anayelima ni mimi. Shemeji hampumzishi mtu yeyote hapo, anahamisha mzigo kutoka duarani kwake kuja mgongoni kwangu.

MCHIMBAJI: Basi niache nishuke!

MKE: Ushuke upandishwe umefunikwa? Hilo nalo nalikataa.

MWANDISHI: Niulize kitu kimoja kavu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu. Na ile ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka mtu apimwe afya anapoanza kazi, akiwa kazini na anapoondoka. Kwa nini tunajadili kana kwamba hakuna sheria?

MWENYE DUARA: Kwa sababu huku hakuna mshahara, ndugu mwandishi. Mawe yakipanda yanagawanywa kwa mifuko. Ya mwenye leseni, ya mwenye eneo, ya gharama za baruti na mafuta, yangu, inayobaki ni ya vijana. Yasipopanda, tumelala njaa wote. Nusu mshahara ya nini? Nusu ya mfuko upi?

MCHIMBAJI: Nilipokuwa naumwa mgao ulitoka mara tatu. Sikupata hata kiroba.

MWENYE DUARA: Hukuwepo.

MCHIMBAJI: Lile duara nililichimba mimi kuanzia futi 20.

MWENYE DUARA: Na uliokuwa unachimba nao ulikula nao. Mdogo wangu, hiyo ndiyo desturi, sikuianzisha mimi.

MWANDISHI: Sheria hiyohiyo ya 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu, na imeutaja UKIMWI kwa jina lake. Kifua kikuu haikukitaja.

MRATIBU: Na mimi nafikiri najua kwa nini. Mtu mwenye virusi vya UKIMWI anaendelea kuwa navyo, basi ana chama, ana konga la wenzake, ana mwakilishi kwenye kamati. Mwenye kifua kikuu akipona anatoka mlangoni hataki hata kunisalimia sokoni. Simlaumu. Lakini matokeo yake ni kwamba waliopona hawana wa kuwasemea. Temeke, Dar es Salaam, wapo waliokataa kutawanyika. Walianzisha kikundi chao, MUKIKUTE, watu waliougua wenyewe, wanakwenda nyumba kwa nyumba kutafuta wanaokohoa na kuwafuata walioacha dawa. Huku kwetu sijaona.

MKE: Kikundi kingetusaidia kwenye ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Wanawake nne, vijana nne, wenye ulemavu mbili. Wanawake tumejiandikisha, foleni ni ndefu. Nilimwambia huyu, mapafu yako hayajakamilika, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ukaulize kama unaweza kuingia kwenye ile mbili ya ulemavu.

MCHIMBAJI: Mimi si mlemavu.

MKE: Umeona majibu yake?

MCHIMBAJI: Niende na kadi inayosema nimepona nikaombe pesa za ulemavu? Watanifukuza na watakuwa na haki. Na wakinikubali ndiyo mbaya zaidi. Nikishaandikwa hivyo mara moja, nani atanipa nyundo tena?

MWENYE DUARA: Sasa niseme jambo ambalo nilikuwa sitaki kulisema.

MCHIMBAJI: Sema.

MWENYE DUARA: Kifua chako ni kweli kinanitia hofu. Lakini hata ungekuwa na kifua cha ng'ombe dume, wenzako sita walinifuata nyumbani usiku wakasema, akishuka yeye sisi tunapanda. Mmoja wao ni shemeji yako. Mimi sina duara bila watu sita.

MCHIMBAJI: Walisema hivyo?

MWENYE DUARA: Hivyohivyo. Na mimi nikaona afadhali nizungumzie mapafu yako, ndiyo lugha ya heshima.

MRATIBU: Kumbe tangu asubuhi tunajadili pumzi, na shida ni woga. Bosi, hao sita wamepimwa?

MWENYE DUARA: Wapimwe nini? Hawaumwi.

MRATIBU: Huyu naye alikuwa "haumwi". Alikohoa humo shimoni muda gani kabla hajaja kwangu?

MCHIMBAJI: Miezi mitatu. Nilidhani vumbi. Kila mtu chini kule anakohoa. Tulikuwa tunavuta sigara moja watu wanne, tunapeana.

MRATIBU: Basi sikiliza. Mtu akianza dawa zinazofaa, ndani ya wiki chache hatari ya kuambukiza wengine inashuka sana. Huyu mliyemkataa ndiye mtu pekee katika duara lako ambaye nina cheti kwamba hana vimelea. Sita waliokaa naye miezi mitatu kwenye shimo lisilo na upepo, wakila vumbi lilelile, hao ndio ambao leo ningewaogopa. Vumbi la mwamba lina silika, na silika ikishakaa kwenye mapafu inaongeza hatari ya kifua kikuu mara kadhaa. Nilikuja kuwafuata kama watu waliokaa karibu na mgonjwa. Walinikimbia. Wawili walipita nyuma ya karasha.

MWENYE DUARA: Waliona koti jeupe wakadhani ni watu wa leseni.

MRATIBU: Walete wapimwe. Halafu waulizwe tena nani apande na nani ashuke.

MWENYE DUARA: Nikiwaleta wakakutwa watatu wanao, nafunga duara miezi sita?

MRATIBU: Hufungi. Wanameza dawa.

MWENYE DUARA: Wewe unaongea kama mtu mwenye mshahara. Tangu maporomoko ya Ng'alita, Januari 2024, watu 22 wakafia shimoni hapahapa wilayani Bariadi, kila mwenye duara anatazamwa kama muuaji. Likitokea jingine la "duara la TB", nani ataninunulia mawe? Nani atanikopesha baruti?

MZEE: Na maji je? Sisi kiwandani hatukuwa na la kufanya na lile vumbi. Ninyi nasikia mwamba ukiloweshwa kabla ya kupasuliwa vumbi halipandi.

MWENYE DUARA: Mzee, maji ya kunywa yenyewe yanaletwa na bodaboda, madumu manne kwa safari.

MZEE: Baruti nayo inaletwa na nani?

MWENYE DUARA: ...

MKE: Mzee amekushika, shemeji.

MWENYE DUARA: Amenishika. Haya. Nitanunua maji, na hao sita nitawaleta, lakini daktari uje bila koti. Huyu nitampa winchi. Akae juu, azungushe, apandishe ndoo. Atakuwa anaonekana, hewa ipo, mgao atapata.

MCHIMBAJI: Mgao wa winchi ni nusu ya mgao wa chini.

MWENYE DUARA: Ndiyo desturi.

MCHIMBAJI: Desturi tena. Mwezi wa tano watoto wawili wanatakiwa sare. Mbuzi wamekwisha, baiskeli imekwisha. Nusu haitoshi, bosi. Na anayeshika winchi kila mtu anajua ni mtoto au mtu aliyeisha.

MZEE: Mimi nilikaa kwenye mizani miaka mingi, sikuisha.

MCHIMBAJI: Mzee, heshima yako. Wewe uliwekwa na kiwanda, mshahara ulikuwa uleule. Mimi nikipanda juu ninapungua kwenye pesa siku hiyohiyo.

MRATIBU: Kuna njia ya katikati. Tupime kwanza. Kipima pumzi nitakitafuta hospitali ya mkoa, na hata bila hicho kuna kipimo kisicho na mashine: unatembea dakika sita kwenye ardhi tambarare, tunapima umefika wapi na moyo unakwendaje. Tunarudia baada ya miezi mitatu. Kama pumzi inaongezeka, kazi inaongezeka. Kama haiongezeki, unabaki juu. Hapo tutakuwa tumeacha kubishana kwa macho.

MKE: Hilo nalikubali.

MWENYE DUARA: Nami nalikubali, mradi liwe kwenye maandishi. Niandikie barua, daktari, niwaonyeshe vijana.

MRATIBU: Barua inayosema nini? Nikiandika "amepona", wale sita watatulia, na yeye atadai ashuke. Nikiandika kwamba mapafu yake yana kovu, hao sita watasoma neno moja tu, "mapafu", na watapanda juu kabla hujamaliza kuwasomea.

MWENYE DUARA: Andika "amepona" mbele, hilo nitawaonyesha wao. La kovu andika nyuma, nitasoma mimi peke yangu.

MRATIBU: Na ukishasoma?

MWENYE DUARA: Nikishasoma anakaa kwenye winchi mpaka utakaponiambia vingine.

MCHIMBAJI: Basi nyuma usiandike.